Tufani Haijaandama

Bi Mardhiya hakuwahi kumpinga mumewe mbele za watu. Hilo mlijue mapema, msije mkasema mama huyu alikuwa na ulimi tangu zamani. Ulimi alikuwa nao, lakini aliuweka kabatini pamoja na vikombe vya wageni, na vikombe vile havitolewi ovyo.

Mumewe ni Bwana Abdulsamad, mzaliwa wa Wete, mkaazi wa Rayners Lane, London, tangu nywele zake nyeusi, na mwenyekiti wa kamati ya mwezi. Kamati yenyewe ina wazee watatu na darubini moja. Ramadhani ikifika ishirini na tisa, wanapanda kilima cha Harrow jua likizama, wanatazama magharibi, wanaona mawingu, wanarudi na mafua, na Bwana Abdulsamad anawatumia watu ujumbe kwamba mwezi haukuonekana na kesho tunatimiza thelathini. Msimamo wake ni mmoja. Jambo lionwe kwa macho, na mashahidi wawili waadilifu waseme wameliona. Kompyuta haina macho, na simu haina uadilifu.

Upande wa pili yuko Bwana Munir wa Southall. Huyu anafuata hesabu. Hesabu zikisema mwezi upo, au akipigiwa simu kutoka ng'ambo kwamba huko umeonekana, basi kwake yeye umeandama, hata kama London nzima imefunikwa na wingu zito kama blanketi la jeshi. Miaka kumi na saba nyuma watu wa Munir walisali Idi siku ambayo watu wa Abdulsamad bado wamefunga. Wazee hawa wawili wakakutana barazani kwa mtu. Munir akasema, "Mnafunga siku ya Idi, haramu hiyo." Abdulsamad akajibu, "Na nyinyi mnakula mchana wa Ramadhani, na biriani juu yake." Tangu hapo hawajakaa chumba kimoja. Salamu walipeana, maana salamu ni haki ya Mwislamu, lakini walirushiana kwa mbali kama mtu anavyomrushia paka mfupa.

Sasa London ina watu wangapi? Mamilioni. Na vijana wa kiume humo? Msihesabu. Basi Sundus, binti pekee wa Bi Mardhiya, mfamasia, mwenye miaka thelathini na miwili, aliyekwisha kuwakataa wachumba tisa, mmoja kwa sababu ya jinsi alivyotafuna, akaenda kumpenda Zahid. Zahid mwana wa nani? Wa Munir!

"Ni huyu, Mama," alisema kwa Kiingereza. Kiswahili Sundus anakisikia chote mpaka mafumbo, lakini kujibu hujibu kwa lugha ya skuli.

Bi Mardhiya alifurahi mpaka akakaa chini. Kisha Sundus akamaliza maneno yake, na furaha ikapata homa. Baba yake Zahid angekuja kuleta barua ya posa Jumamosi. Jumapili angepanda ndege kwenda Maskati, na asingerudi mpaka siku chache kabla ya Idi. Wazee wakishindwa kukaa pamoja kwa saa mbili tu, wakaanza mambo yao ya mwezi, basi Jumatatu yeye na Zahid wangekwenda kwa msajili wa ndoa, na mashahidi wangewaokota njiani.

"Njiani?" Bi Mardhiya aliuliza.

Sundus akasema njiani, ndiyo, watu wapo wengi. Na hakuwa akitania. Alikuwa na uso ule wa baba yake wa kutimiza thelathini.

Mtoto mmoja, mmoja tu, aliyemwomba Mungu miaka saba! Aolewe kama mtu anayekwenda kuchukua leseni ya gari, bila baba kumuozesha, bila vigelegele, bila hata mtu wa kumpaka hina kidole kimoja? Bi Mardhiya aliapa kwamba Jumamosi ile posa itapita, hata ikibidi awakalie wazee wale mmoja baada ya mwingine.

Ilikuwa Jumanne alipoapa. Jumanne hiyohiyo jioni, televisheni ikatangaza kwamba kuna tufani inavuka Atlantiki na itafika London Jumamosi.

Waingereza wana ada ya kuzipa tufani majina ya watu. Hii waliiita Maureen. Bi Mardhiya aliguna, maana Maureen ndilo lilikuwa jina la meneja wake kule nyumba ya wazee alikofanya kazi miaka ishirini, na Maureen yule naye alikuwa akiingia chumbani mlango unajipiga wenyewe.

Kabla hajazima televisheni, ujumbe ukafika. Ulitoka kwa Munir kwenda kwa Zahid, kwa Zahid kwenda kwa Sundus, na Sundus akaushusha jikoni: Bwana Munir anapendekeza posa iwe Ijumaa baada ya sala, kwa sababu ya tufani. Bi Mardhiya akaupeleka ukumbini ukiwa umepoa.

"Baba Sundus, wanasema Jumamosi kuna tufani."

"Nani kaiona?"

"Watu wa hali ya hewa."

"Kwa macho?"

"Kwa setilaiti."

Bwana Abdulsamad akakunja gazeti polepole. "Wa kwanza kukwambia nani?"

"Televisheni."

"Na wa pili?"

Bi Mardhiya akaanza kupanga mito ya kochi. Mzee akatabasamu, keshajua wa pili ni nani.

"Mwambie aliyekutuma kwamba tufani haijaandama," alisema. "Haijaonwa na mtu. Jumamosi ilisemwa, Jumamosi itakuwa."

Hapo Bi Mardhiya alijua ugomvi si wa upepo. Habari ileile ingeletwa na jirani yao Mitesh, mzee angekuwa keshapigilia madirisha misumari. Lakini imeletwa na Munir! Munir akisema jua ni la moto, Abdulsamad atavaa koti.

Asubuhi akaenda dukani kwa Mitesh, karibu na stesheni. Mitesh ni Mhindi wa Mombasa. Anauza misumari, ndoo, betri, rangi, na Kiswahili chake hakijaingia kutu. Bi Mardhiya akanunua kamba tatu, tochi nne na mshumaa mnene.

"Unafunga nini na kamba zote hizi, mama?" Mitesh aliuliza.

"Kila kitu, isipokuwa mdomo wa mzee."

Alasiri ya siku hiyohiyo mumewe akaingia duka lilelile, akanunua turubai. Wageni wa posa wangekuwa wanaume sita wa Southall na watano wa hapa, na ukumbi wao ukikaa watu saba, wa nane anakaa kwenye ngazi, kwa hivyo Bwana Abdulsamad aliamua kuwapokea uwani, chini ya turubai. Mitesh alimuuzia mke kamba za kuzuia vitu visiruke, akamuuzia mume kitu cha kuruka. Alipoulizwa baadaye, alisema mwenye duka hachagui madhehebu.

Alhamisi ramani ya kwenye simu ya Bi Mardhiya ikatoka rangi ya manjano ikawa ya chungwa. Kila baada ya saa tatu Munir alituma taarifa, nazo zilipita njia yake ileile mpaka jikoni: tufani ipo mahali fulani, inakwenda kasi kadhaa, iko nyuzi kadhaa. Bi Mardhiya akawa anaifuata Maureen kama anavyofuatwa mgonjwa wa mbali. Sasa yuko Ayalandi. Sasa amegeuka kidogo. Sasa amezidiwa. Alipokata vitunguu simu ilikuwa imeegemezwa kwenye kopo la chumvi, na akiona duara jekundu analisomea Ayatul Kursiyu.

"Inatokea upande gani hiyo?" mumewe aliuliza ghafla, mlangoni.

"Magharibi."

"Magharibi!" Uso wake ukang'aa. "Basi palepale tunapouonea mwezi. Magharibi napajua mimi. Kama ipo nitaiona."

Akachukua darubini, akavaa koti juu ya kanzu, soksi mbili mbili, akapanda basi kwenda kilimani. Lahaula! Mtu mzima wa miaka sabini na moja, amesimama kilimani Januari, anaitafuta tufani kwa darubini. Akarudi magharibi imeshaadhiniwa, pua nyekundu, akatuma ujumbe kwa jamaa wote:

"Taarifa ya kamati. Tumetazama upande wa magharibi kuanzia saa kumi mpaka jua kuzama. Tumeona ndege moja ya Heathrow na kunguru wawili. Tufani haikuonekana. Watu waendelee na shughuli zao."

Jamaa wakagawika papo hapo, kama siku za mwezi. Nusu walifunga mapipa yao ya taka kwa kamba. Nusu waliwacheka waliofunga. Mtu mmoja wa Wembley akauliza kama inafaa kufunga pipa kwa kufuata tangazo la nchi nyingine, ikiwa tufani imeonekana Ayalandi lakini haijaonekana Wembley, na suala hilo likajadiliwa mpaka betri za watu zikaisha.

Bi Mardhiya hakujadili. Alfajiri ya Ijumaa, mumewe bado yuko kwenye uradi wake, alitoka uwani na tochi akafunga mapipa, akafunga ngazi, akaingiza vyungu vya maua, akaufunga mlango wa banda mafundo saba. Alifanya kimyakimya, na kwa uzoefu, maana alikuwa na historia ndefu ya kufanya lililo sawa kwa siri.

Ijumaa ikapambazuka njema. Jua limetoka, jani halitikisiki. Bwana Abdulsamad alisimika turubai akiimba kasida, akapiga vigingi vinne, akapanga viti, akarudi nyuma kulitazama.

"Dalili ya mvua ni mawingu, Mama Sundus," alisema. "Wapi mawingu?"

Bi Mardhiya akataka kumwambia kwamba kila mwaka anayalaani mawingu yakiwapo, na leo anayataka yaje kutoa ushahidi. Akakisogeza kiti kimoja mahali pake. Akamwambia kifungua kinywa tayari.

Usiku ikaja taarifa ya mwisho kutoka Southall. Bwana Munir amepiga hesabu. Upepo utaanza Jumamosi saa tisa kamili. Yeye atafika saa tano na robo, posa itapokewa, watu watakula, na ifikapo saa nane atakuwa amerudi kwake. Bi Mardhiya akashusha pumzi. Kumbe panapitika! Mmoja anasema tufani haipo, mwingine anasema ipo saa tisa, na katikati pana nafasi ya kumuozesha mtoto. Akakaanga sambusa, katlesi na kachori, akapika mkate wa kumimina, akalala usingizi wake wa kwanza tangu Jumanne.

Lisemwalo lipo, na kama halipo, li njiani laja. Hili lilikuja mapema.

Saa tano kasorobo Bi Mardhiya alikuwa jikoni anaona pazia linapumua ilhali dirisha limefungwa. Saa tano, mlingoti wa taa za barabarani ukaanza kupiga mluzi. Jamaa watano wa upande wa Abdulsamad wakapiga simu mmoja mmoja: treni zimesimamishwa, basi halionekani, samahani sana Mwenyekiti. Wote hao ni wale waliowacheka waliofunga mapipa.

"Upepo tu," alisema Bwana Abdulsamad, akiwa amevaa joho na kofia ya viua, amesimama mlango wa mbele kuwapokea wageni. "Upepo na tufani ni vitu viwili."

Gari ya Southall ikafika saa tano na robo, kama ilivyohesabiwa. Zahid ndiye aliyeendesha. Akashuka Bwana Munir peke yake.

Wazee wengine watano wako wapi? Wamebaki kwao! Munir aliwatangazia tufani siku nne mfululizo, kwa saa na kwa nyuzi, mpaka wakaingiwa na hofu, na asubuhi hiyo kila mmoja aligoma kutoka nyumbani. Maskini akaja na barua yake peke yake, imefungwa kwa leso ya kijani, ameibeba kwa mikono miwili kama ada inavyotaka.

Alipofika getini, nyuma ya nyumba turubai lilianza kuondoka. Bi Mardhiya aliliona kupitia dirisha la jikoni, akakimbilia mlango wa mbele. Vigingi vilitoka kimoja kimoja kama meno ya mtoto, kisha turubai likasimama wima, likavuka paa. Bwana Munir akaona kitu kikubwa cha buluu kinapita juu ya kichwa chake. Akanyanyua mkono mmoja kuishika kofia. Barua ikabaki kwenye mkono mmoja.

Upepo haukutaka zaidi ya hapo. Leso ikafunguka, karatasi nyeupe ikachomoka, ikapanda juu ya eriali ya Mitesh, ikazunguka mara mbili kama inayoaga, ikaenda zake upande wa reli. Nyuma yake ikafuata kofia ya Bwana Abdulsamad.

"Barua!" akapiga kelele Munir.

"Kofia!" akapiga kelele Abdulsamad.

"Ingieni ndani!" akapiga kelele Bi Mardhiya, na wote wawili wakaingia.

Zahid akabaki kwenye gari, maana mposaji haingii nyumba anayoposa siku ya posa. Gari linatikisika, yeye kaukamata usukani kwa mikono miwili, ametulia kwa adabu. Bi Mardhiya akajitanda kanga mbili, akafungua mlango.

"Shuka, mwanangu!"

"Mama, Baba kasema si ada!"

"Ada haijauona mti ulio juu yako! Shuka!"

Akashuka. Dakika tano hazikutimia, tawi nene kama pipa likalala juu ya boneti. Bi Mardhiya akamketisha jikoni, akampa katlesi, na moyoni akasema huyu mtoto anasikia, atamfaa Sundus.

Umeme ukakatika. Akawasha mshumaa mnene, akaupeleka ukumbini, na kutoka pale mlangoni akaona kwamba mambo hayendi. Wazee wameketi pembe mbili za chumba, mmoja bila kofia, mwingine bila barua. Nyumba inaguna.

"Bwana Abdulsamad," Munir alianza, akikohoa. "Nimekuja kwa jambo la kheri. Nimeleta barua ya—"

"Ipo wapi?"

"Si umeiona ikiruka?"

"Nimeona karatasi. Kama ni barua au ni risiti ya dukani, sikuisoma."

"Ninayo picha yake kwenye simu."

"Simu tena!" Abdulsamad akapiga goti. "Picha si barua. Kwangu mimi, ambalo halikuonwa haliko."

Munir akasimama. "Basi niende zangu." Akachungulia dirishani, akaona gari lake limelaliwa na mti, akakaa tena.

"Na hiyo tufani yako," Abdulsamad aliendelea, "si ulisema saa tisa? Sasa saa ngapi?"

"Saa tano u nusu."

"Hesabu hizo!"

"Na wewe je? Ulisema haipo kabisa!"

"Nilisema haijaonekana!"

"Kama siku ile! Siku ile mwezi ulikuwa juu, na wewe ukafungisha watu siku ya Idi!"

"Nani aliuona? Mtaje! Mtaje mmoja!"

Ndiyo hayo. Miaka kumi na saba ikafunguka pale pale, na vumbi lake. Bi Mardhiya akageuka akamwona Sundus amesimama kwenye ngazi, macho yamejaa maji. Zahid alikuwa nyuma ya mlango wa jikoni na katlesi mkononi, hakuitafuna tena.

"Mama," Sundus alisema, na alisema kwa Kiswahili. "Basi. Jumatatu."

Maneno mawili tu. Lakini tangu lini Sundus kujibu kwa Kiswahili? Bi Mardhiya alihisi kitu kimemkata chini ya kitovu, mahali alipomtolea. Akaingia ukumbini, akauweka mshumaa mezani kwa kishindo.

"Mimi niliuona," alisema.

Wazee wakamgeukia. Hata upepo, utasema ulisimama kusikiliza.

"Uliona nini, Mama Sundus?" mumewe aliuliza.

"Mwezi. Mwaka ule mliogombana. Nilikuwa zamu ya jioni kule kwa wazee, ghorofa ya nne, dirisha linatazama magharibi. Namgeuza Bi Dorothy kitandani. Wingu likafunguka kidogo, na mwezi huo, mwembamba kama ukucha. Bi Dorothy naye akauona. Akasema umependeza, akaomba chai."

Bwana Abdulsamad akapeleka mkono kichwani kuitafuta kofia isiyokuwapo.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza.

"Nilirudi nyumbani umeshatangaza. Watu mia mbili wameshaambiwa. Na ningekwambia, ungenifanya nini? Wewe mwenyewe ndiye uliyenisomesha kwamba mashahidi wa mwezi wa Idi wawe wanaume wawili. Mimi mwanamke mmoja, na shahidi wangu ni kizee cha Kiingereza cha miaka tisini! Nikakupikia daku, ukala. Na ulinisomesha pia kwamba aliyeuona peke yake afungue kwa siri. Nikafungua kwa siri. Nikala maandazi mawili nyuma ya mlango wa stoo, siku ya Idi, nalia peke yangu kama mwizi."

Bwana Munir, kiumbe dhaifu, akaanza kutabasamu. "Kumbe basi mimi nilikuwa—"

"Na wewe nyamaza! Uliuona?"

"Mimi? Hapana."

"Ulijuaje?"

"Nilipigiwa simu."

"Basi ulibahatisha, kama ulivyobahatisha saa tisa." Akamgeukia mumewe. "Nimekusitiri miaka kumi na saba, Baba Sundus. Nisingesema mpaka kaburini. Lakini leo unanipotezea mwanangu, na hilo silisitiri. Barua nimeiona. Leso ya kijani, karatasi nyeupe, imepita juu ya eriali ya Mitesh. Unataka shahidi wa pili?"

Mlango ukagongwa. Wallahi, mngesema nimepanga. Alikuwa Mitesh, kajifunga mfuko wa plastiki kichwani, anauliza kama kuna mtu ameliona pipa lake la taka.

"Mitesh," Bi Mardhiya alimwita. "Umeona nini asubuhi hii?"

"Nimeona nini? Mama, uliza sijaona nini! Nilikuwa dirishani. Kwanza limepita turubai langu, na hilo halirudishwi dukani. Halafu barua ya huyu bwana. Halafu kofia ya Mzee."

"Barua, una hakika?"

"Nani anabeba risiti kwa leso ya hariri?"

"Lakini Mitesh si Mwis—" alianza Munir, na Bi Mardhiya akamtazama, akaishia hapo.

Bwana Abdulsamad alikuwa ameinamisha kichwa chake kisicho kofia. Aliponyanyua uso, mashavu yake yalikuwa majimaji, na hakuna aliyejua afanye nini, maana hakuna aliyewahi kumwona hivyo.

"Niliwafungisha watu siku ya Idi," alisema. "Na mke wangu akala nyuma ya mlango."

Hapo Munir, na nimtendee haki, alifanya jambo la kiungwana. Angeweza kucheka. Miaka kumi na saba alikuwa akiisubiri siku hiyo. Alihama pembe yake, akaja kukaa kando ya mwenzake.

"Hukuuona, Abdulsamad," alisema taratibu. "Ulifuata macho yako. Asiyeona halaumiwi."

Wakakaa bega kwa bega, mti uko juu ya gari, paa linalia. Kisha Bwana Abdulsamad akajipangusa kwa ncha ya joho.

"Isome hiyo picha," alisema.

Munir akaisoma barua kutoka kwenye simu, Mitesh kamshikia tochi. Aliisoma yote, pamoja na hamdu na sala na majina ya mababu. Alipomaliza Bwana Abdulsamad akasema amekubali, na Sundus kwenye ngazi akapiga kigelegele mwenyewe, kitu ambacho bibi harusi hapigi, lakini siku ile ada zilikuwa zimeshatoka na turubai. Bi Mardhiya akajibu kwa vitatu. Zahid akaimaliza katlesi yake.

Ikabaki tarehe. Wakakubaliana Mfungo Mosi, Jumamosi ya kwanza baada ya Idi.

"Idi ya nani?" aliuliza Mitesh, mdomo umejaa sambusa.

Ukumbi ukaingia baridi. Munir akamtazama Abdulsamad. Abdulsamad akamtazama Munir. Kisha wote wawili, polepole, wakamgeukia Bi Mardhiya aliyekuwa akimimina kahawa.

Hakuharakisha. Alijaza vikombe, vile vya wageni, akamgawia kila mtu.

"Mwaka huu mtapanda kilimani pamoja," alisema. "Huyu na darubini, huyu na simu. Na mimi nitakuwa katikati yenu, nimevaa koti. Na kabla hajatangaza yeyote, mtaniuliza."

"Tutakuuliza," alisema Munir.

Bwana Abdulsamad akasogea karibu na mshumaa. Alitoa simu yake, akavaa miwani, akaanza kuandika kwa kidole kimoja, na kazi hiyo ikamchukua muda mrefu, mpaka kahawa yake ikapoa. Kisha simu zote za mle ndani zikalia pamoja. Bi Mardhiya akaifuta mikono, akaitazama yake.

"Taarifa ya kamati. Tufani imeandama. Imeonwa na shahidi mwadilifu, Bi Mardhiya, ambaye zamani aliona na hakuulizwa."

Chini yake majibu yalikwisha kuanza kumiminika. Mtu wa Wembley alisema wamechelewa, paa la banda lake liko kwa jirani. Bi Mardhiya hakuyasoma hayo. Aliusoma ule wa kwanza mara tatu, akaenda jikoni, akaiegemeza simu kwenye kopo la chumvi, akaanza kupasha moto sambusa zilizobaki.